Kesi ya Ini la Machano katika Nchi ya Umojani

Njia iliyonifikisha Umojani sitaieleza. Nimeona kwamba wanaoniuliza njia huishia njiani, na habari za watu wa kule hawazisikii tena. Itoshe kusema kwamba nilitoka kwetu kwa idhini ya Mungu na nikafika salama. Askari wa mpakani aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamjibu kwamba nimekuja kuitazama nchi yao, na pia kupumzika kidogo, maana nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa masomo ya jioni na macho yalikuwa yamechoka.

"Chagua," akasema.

"Kupumzika ni kosa?"

"Si kosa, mama. Ni jambo la pili."

Nikachagua kutazama. Akanigongea muhuri, na tangu saa ile sikupumzika.

Watu wa Umojani wanamwabudu Mungu mmoja. Nilipowasikia wakisali jioni ya kwanza moyo wangu ulitulia, nikajiambia kwamba hapa sitakuwa mgeni sana. Lakini kadiri nilivyokaa niliona kuwa ule umoja wanaomtukuzia Mungu wameuteremsha chini, wakaugawia kila kitu. Kila mtaa una kisima kimoja na duka moja. Mtu ana rafiki mmoja, na akimpata wa pili humwendea wa kwanza kumuaga kwa heshima. Na kila mtaa una wembe mmoja, unaolazwa katika kisanduku cha mti wenye harufu nzuri. Wembe huo hupita juu ya vichwa vyote vya mtaa, kuanzia cha mtoto mchanga hadi cha mzee anayetaka kupunguza ndevu. Kati ya kichwa na kichwa huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kufutwa kwa kitambaa cheupe. Nilimuuliza mtu mmoja kwa nini wembe uwe mmoja. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini mtaa una jina moja.

Sheria yao kubwa kuliko zote inasema kwamba kila jambo baya lina chanzo kimoja, na chanzo kikishapatikana, kutaja kingine ni kosa. Nilihudhuria kesi ya mbuzi aliyetumbukia shimoni. Wapo waliosema kosa ni la mbuzi kwa haraka yake, wapo waliosema ni la shimo kwa kukosa kifuniko. Mjadala ulikuwa wa adabu na wa kisomi, na mwishowe mbuzi akapatikana na hatia. Shimo likaachwa wazi, kwa kuwa halikuwa na kosa. Wiki ileile akatumbukia mbuzi mwingine, naye akatiwa hatiani haraka zaidi, kwa sababu sasa kulikuwa na hukumu ya kufuata.

Maradhi nayo hushtakiwa vivyo hivyo. Mgonjwa hukaa pembeni, na katikati ya ukumbi wa Baraza la Chanzo huwekwa kigoda kitupu. Kigoda hicho ni cha mshtakiwa, yaani kile kinachodhaniwa kuwa kimeleta ugonjwa. Matabibu husema, Mwamuzi husikiliza, na hukumu ikitoka hakuna dawa nyingine inayoruhusiwa ila ya yule aliyehukumiwa.

Nilipangiwa kulala kwa Machano Faki, mtunza wembe wa mtaa, na mkewe Bi Sikitu. Machano alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye macho yaliyochoka, na begani alivaa kitambaa cha manjano. Siku ya kwanza nilidhani ni pambo la kazi yake. Wakati wa chakula alichukua sahani yake akaenda kukaa kwenye baraza ya mbele, peke yake, akiwaelekea wapita njia.

"Mbona anakula nje?" nilimuuliza Bi Sikitu.

"Ndiyo adhabu, dada. Ini lake lina mafuta. Baraza lilisema chanzo ni sahani. Kwa hiyo avae kile kitambaa, na ale mahali watu wanaweza kumwona anaweka nini mdomoni."

Nilichungulia. Kwenye sahani kulikuwa na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha na mchicha. Jirani mmoja aitwaye Bakathir, ambaye naye alivaa kitambaa cha manjano lakini juu ya tumbo la kutosha, alikuwa akipita na kikapu.

"Machano," aliita, "punguza bwana, utatumalizia mihogo ya nchi."

"Na wewe kikapuni una nini?"

"Mimi? Sambusa za watoto."

"Watoto wako wameoa wote, Bakathir."

"Basi za wajukuu. Wanakuja mwakani."

Machano alicheka, lakini alishika ubavu wa kulia akicheka, na sahani akairudisha ndani muhogo ukiwa haujaguswa. Bi Sikitu aliitazama sahani hiyo kwa muda. Kisha akanivuta mkono hadi jikoni.

"Dada mgeni, wewe umesema unasoma. Niambie. Mtu huyu alikuwa na mwili, sasa kanzu inamning'inia kama imeanikwa. Ameacha samli, ameacha maandazi, hata chai anakunywa kavu. Kila wakimpiga picha ya tumbo, mafuta yapo palepale, na safari hii wameona na makovu. Mafuta hayo anayala wapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilichojifunza kuhusu ini ni kidogo. Mwalimu wetu wa sayansi alilichora ubaoni akasema kila tunachokula hupita pale kukaguliwa na kugawanywa, na kwamba ni kiungo kinachovumilia mno, kinaweza kuumia miaka bila kulalamika. Zaidi ya hapo kengele ililia tukaenda nyumbani. Nikamwambia kwamba ninaweza kumwombea mumewe, na hilo nalijua vizuri zaidi.

"Omba," alisema. "Lakini kesho twende wote kwa Bi Raya."

Bi Raya alikuwa Tabibu wa Damu. Kule matabibu wa damu hawazungumzi na matabibu wa sahani. Hata milango ya nyumba zao hutazama pande tofauti. Alitukaribisha chumba cha nyuma, akafunga dirisha. Ilionekana kwamba Bi Sikitu alikuwa amemshawishi mumewe kutoa damu bila kumwambia Baraza, na majibu yalikuwa yametoka.

"Ana kirusi cha homa ya ini aina ya C," Bi Raya alisema. "Na kwa namna ini lilivyo, kimekaa humo miaka mingi. Hiki si kirusi cha vurugu. Kinaingia kwa damu, kinakaa kimya, na mwenye nyumba hajui kama ana mpangaji."

"Na mafuta?"

"Hapo ndipo penyewe. Kirusi hiki kinayatumia mafuta kujizalisha. Kikishaingia ndani ya ini kinalifanya liyashikilie mafuta badala ya kuyapeleka yanakotakiwa. Si kwa kila mtu, na baadhi ya aina zake ni hodari zaidi kwa hilo. Lakini kwa aina aliyonayo mumeo, mtu anaweza kula uji mtupu na ini likaendelea kujaa."

Bi Sikitu alikaa chini. "Kwa hiyo sahani haina hatia. Mume wangu amekaa barazani bure."

"Sikusema hivyo," Bi Raya alijibu. "Sukari yake ya damu imepanda. Kirusi chenyewe huchangia hapo, lakini miaka yote ile ya samli na maandazi nayo ilichangia. Viwili vinasaidiana, na vikikaa pamoja makovu huja mbio. Bado ini halijawa gumu. Tukikitoa kirusi sasa, na akaendelea kujitunza, lina nafasi nzuri. Tukisubiri, sijui."

"Dawa ipo?"

"Ipo. Vidonge, wiki kumi na mbili, na wengi mno hupona kabisa. Ninavyo kabatini. Lakini siruhusiwi kukutolea hata kimoja mpaka kirusi kihukumiwe. Na kirusi hakiwezi kuhukumiwa mpaka sahani iachiliwe huru, maana chanzo ni kimoja."

"Basi iachiliwe."

Bi Raya alishusha pumzi. "Bi Sikitu, unajua sheria. Aliyehukumiwa kimakosa hulipwa heshima. Sahani ikiachiliwa, mumeo atalazimika kuifanyia karamu mwezi mzima. Nyama ya mafuta, samli, vitu vitamu, asubuhi na jioni, mbele ya mashahidi."

Nilimuuliza kama karamu hiyo haitamrudisha alikotoka.

"Itamrudisha. Na akifa, itaandikwa kwamba ameuawa na kitu kisicho na hatia."

Tulirudi. Bi Sikitu alimweleza mumewe yote siku hiyohiyo, na mimi nilikaa kwenye mkeka upande wa pili nikijifanya nachambua mchele. Nilitarajia Machano angefurahi kusikia kwamba si mlafi. Hakufurahi. Aliuliza jambo moja.

"Kirusi kinaingia kwa damu. Damu gani?"

Bi Sikitu alikunja ncha ya kanga yake.

"Sikuchanjwa, sikuwekewa damu ya mtu. Sikitu, damu gani?"

"Wembe, Baba Mwanaisha. Bi Raya anasema huenda ni wembe. Unajikata wewe kwanza kila unapounoa."

Machano alisimama. Wembe ule aliupokea kutoka kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake. Wakati wa harusi yeye hukaa mbele ya wazee, na mtoto akizaliwa huitwa kabla mkunga hajapewa chai. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hatakwenda Barazani. Akiulizwa ni nani mlafi wa mtaa huu, atanyanyua mkono. Kitambaa cha manjano ameshakizoea. Lakini wembe wa baba yake haukalii kigoda.

"Kwa hiyo ufe?"

"Watu hufa, Sikitu."

"Watu hufa. Wewe unataka kufa kwa sababu ya kisanduku."

"Usiseme kisanduku."

"Nitasema. Kisanduku, kisanduku, kisanduku. Mimi sikuolewa nacho."

Alitoka nje. Bi Sikitu akaja akakaa kwenye mkeka wangu, akachukua ungo, akachambua mchele ambao nilikuwa nimekwisha kuuchambua. Mimi niliomba kimoyomoyo. Sikumwomba Mungu amlazimishe Machano; nilimwomba amwonyeshe.

Siku ya kunyoa ilifika. Watu walipanga foleni barazani, na wa kwanza alikuwa Bakathir, aliyejifunga taulo shingoni na kichwa kizima kimejaa povu. Machano aliuosha wembe katika maji ya uvuguvugu, akaufuta, akaanza. Alinyoa upande wa kushoto vizuri, kwa mkono mwepesi. Kisha akanyanyua macho kuangalia foleni.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona alichokiona. Vitambaa vya manjano. Alikuwapo bibi mmoja mwembamba kama ufito, mwenye kitambaa cha manjano. Nyuma yake fundi wa viatu mwenye mashavu yaliyobonyea, kitambaa cha manjano. Kijana aliyeoa juzi, mwepesi kama karatasi, kitambaa cha manjano. Mtaa wa pili, ambao nilipita kila siku kwenda kusali, walafi walikuwa wachache na walionekana kuwa walafi. Hapa mtaa mzima ulikuwa umehukumiwa kwa kula, na nusu yao mifupa ilionekana.

"Nyoa bwana," Bakathir alisema. "Povu linakauka."

Machano aliukunja wembe. "Leo sinyoi."

"Umeshanyoa nusu."

"Nusu ile imetosha."

"Imetosha kwa nani? Machano, nina mkwe anakuja Ijumaa."

Machano aliutia wembe kisandukuni akafunga. Aliwaambia watu warudi nyumbani, na kwamba kesho, anayeweza kufika Barazani afike, avae kitambaa chake. Bakathir alikaa pale muda mrefu akijipapasa upande mmoja, kisha upande wa pili.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mwamuzi alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Salha binti Omari, mwenye sauti ya polepole na sifa ya kutopokea zawadi hata ya ndizi. Kigoda kitupu kiliwekwa katikati. Bwana Khatibu, Tabibu wa Sahani, alisimama wa kwanza.

"Mheshimiwa, kesi hii ilikwisha. Ini lina mafuta. Mafuta huliwa. Kinacholiwa hukaa kwenye sahani. Sijui tunatafuta nini zaidi."

"Mgonjwa wako amekonda," alisema Bi Raya.

"Anakula kwa siri."

"Anakula barazani."

"Basi anakula barazani kwa siri," Bwana Khatibu alisema, na watu wa upande wake wakatikisa vichwa kwa kukubali.

Bi Raya alieleza habari za kirusi kama alivyotueleza sisi. Alisema kwa uwazi, nikamheshimu. Lakini naye, alipoulizwa kama sahani ina mchango wowote, alisita, akatazama kigoda, akasema haina. Niliona ilimuuma kusema hivyo. Alikuwa na vidonge kabatini na mgonjwa mbele yake, na sheria ilimtaka achague.

"Basi ikiachiliwa kuna karamu," Bakathir alisema kutoka nyuma, kofia yake ikiwa imevutwa upande. "Mimi sina pingamizi na karamu."

"Kaa chini," alisema Mwamuzi. "Mgonjwa aseme."

Machano alitembea hadi katikati akiwa na kisanduku mikononi. Hakukiweka kwenye kigoda; alikishika kifuani.

"Mheshimiwa, mimi nimekubali kuitwa mlafi, na kama ni mimi tu ningebaki hivyo. Lakini ninawaomba ndugu wa mtaa wangu waliovaa manjano wasimame."

Walisimama. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani.

"Waangalieni," alisema Machano. "Mimi nimewanyoa hawa wote. Nimewanyoa na kuwakwaruza, na mimi mwenyewe nimejikata kwa wembe huohuo, na baba yangu kabla yangu. Tuliuosha kama tulivyofundishwa. Sikujua. Sasa nimeambiwa kuna kitu katika damu yangu, na naogopa kimo katika damu zao, nao wanakula mchicha barazani na kuona haya. Mkitaka kunihukumu mimi, nihukumuni. Lakini wapimwe."

"Ametuua huyu," mtu mmoja alisema.

Bakathir alivua kofia. Upande mmoja wa kichwa chake uling'aa, upande wa pili ulikuwa na nywele zake zote. "Mimi ndiye niliyeachwa hivi jana ili nisiguswe tena," alisema. "Na mke wangu amenicheka usiku kucha. Kama mimi silalamiki, wewe unalalamika nini?"

Watu walicheka, hata waliokuwa wamekasirika, na yule mtu akakaa.

Mwamuzi Salha alimuuliza Bwana Khatibu kama anaweza kueleza kwa nini walafi wembamba wamejaa mtaa mmoja. Hakuweza. Akamuuliza Bi Raya kama Bakathir naye ni mwembamba. Bi Raya alikiri kwamba si mwembamba.

"Kwa hiyo kwa huyu unasema kirusi, na kwa yule unasema sahani?"

Bi Raya alimtazama Machano, kisha kigoda. "Mheshimiwa, nikisema ninachokijua nitavunja sheria."

"Sema."

"Kwa wengi wao ni vyote viwili."

Ukumbi ulinguruma. Makarani walifunga vitabu vyao, kwa kuwa neno hilo haliandikwi. Mwamuzi alikaa ameinamisha kichwa. Hapo wito wa sala ukasikika kutoka nje, naye akaahirisha baraza.

Tulisali uani, wanaume mbele, wanawake nyuma. Mwamuzi alikuwa bega kwa bega nami. Sijui wengine walisali nini, ila nilimsikia yeye akitamka yale maneno ambayo nasi kwetu tunayatamka, kwamba Mungu ni mmoja wala hana mwenza. Alipofika hapo alinyamaza. Nilidhani amesahau. Halafu akayarudia taratibu, kama mwanafunzi anayesoma sentensi ambayo ameipita mara nyingi bila kuisikia. Baada ya sala wengine waliinuka. Yeye alibaki amekaa, na mimi sikutaka kumwacha peke yake.

Tuliporudi ndani hakukaa kwenye kiti chake.

"Nimetoka kusema mbele ya Mungu," alianza, "kwamba Yeye peke yake ndiye asiye na mwenza. Nimelisema hilo tangu nikiwa mtoto. Halafu naingia humu kila siku, nachukua kitu kilichoumbwa, nakipa sifa hiyo. Nasema mbuzi peke yake. Nasema moto peke yake. Nasema sahani peke yake. Nani aliyeniruhusu? Vilivyoumbwa vyote vina wenza. Tulidhani tunamheshimu Mungu kwa sheria hii, na kumbe tulikuwa tunagawa kilicho chake."

Akakitazama kigoda.

"Kigoda hiki ni kidogo," alisema Mwamuzi. "Leteni benchi."

Askari waliangaliana, kwa sababu ukumbi huo haukuwahi kuwa na benchi la mshtakiwa. Wakaenda kulichukua lile la uani, ambalo watu hukalia kuvulia viatu. Liliwekwa katikati, tupu, refu. Mwamuzi akatamka kwamba katika shauri la ini la Machano Faki, kirusi kimekaa upande mmoja na sahani upande wa pili, na vyote viwili vina hatia. Hakuna aliyeachiliwa, kwa hiyo hakuna karamu. Bakathir aliguna. Dawa itolewe leo. Watu wa mtaa wote wapimwe damu, na atakayekutwa na kirusi asitengwe, wala asizuiwe kula na wenzake, kwa kuwa kirusi hiki hakipiti kwa sahani wala kwa kushikana mikono. Kila nyumba iwe na wembe wake. Vitambaa vya manjano vikusanywe vishonwe mapazia.

Machano alikiweka kisanduku chini, karibu na benchi, akarudi kwa mkewe mikono mitupu. Bi Sikitu alimshika kiwiko mbele ya watu, jambo ambalo nadhani nalo ni la pili kule.

Nilikaa Umojani mpaka vidonge vilipokwisha, na zaidi, kwa sababu damu hupimwa tena miezi mitatu baada ya dawa ndipo mtu aambiwe amepona. Sikumwona Machano akibadilika kama mtu aliyeguswa kwa miujiza. Wiki za kwanza kichwa kilimuuma, akawa mkali kwa mambo madogo. Kisha siku moja alimaliza sahani yake. Siku nyingine alimfokea Bakathir kwa nguvu mpya kabisa, na Bi Sikitu akaniambia jikoni, "Umemsikia? Alhamdulillahi." Wengi wa mtaa walipimwa. Waliokutwa na kirusi walianza dawa, na wengine ambao hawakuwa nacho walianza kuongopa kidogo kuhusu sambusa. Mtu mmoja hakutaka kupimwa kabisa, na mpaka naondoka alikuwa bado hataki; jina lake ninalo katika maombi yangu.

Siku ya majibu tulikwenda wote watatu. Kwa amri ya Mwamuzi, Bi Raya na Bwana Khatibu walikuwa wamepewa chumba kimoja, na meza mbili zilizobanana kiasi kwamba mmoja akitaka kutoka lazima mwenzake asimame. Bi Raya alisoma karatasi ya damu.

"Hakipo," alisema. "Kirusi hakionekani. Umepona, Bwana Machano."

Machano aliuliza mara ya pili, akaambiwa tena. Alikaa akitazama mikono yake. Bi Sikitu alilia bila sauti, akajifuta kwa ncha ya kanga, akasema jicho lina mchanga.

Bwana Khatibu alimlaza kitandani, akampaka ile dawa baridi tumboni, akapitisha mashine. Alichukua muda. Alisema makovu hayajaongezeka, na pengine yatapungua. Mafuta yamepungua sana, lakini hayajaisha, na yaliyobaki hayana kirusi cha kusingizia. Hayo ni ya kutembea, na ya kuacha vya kukaanga, na ya kurudi kupimwa kila mwaka.

"Yamepungua kwa sababu ya vidonge vyangu," alisema Bi Raya.

"Yamepungua kwa sababu ya mchicha wangu."

"Mchicha ule alikula muda mrefu kabla yangu, ukamfanyia nini?"

"Ulimfikisha kwako akiwa hai. Ungetibu maiti?"

"Wewe uliniita mvunja sheria mbele ya ukumbi mzima."

"Na ulikuwa unaivunja."

Niligeuka kumwangalia Bi Sikitu, nikidhani ataudhika kwamba siku kama hii wanagombana. Alikuwa ameegemea ukuta, amepumzika.

"Waache, dada," alisema. "Zamani wasingesalimiana."

Machano aliteremka kitandani, akafunga vifungo vya kanzu, ambayo ilikuwa imeanza tena kumkaa. Aliwashukuru wote wawili, kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemsikia kwa sababu sasa walikuwa wanabishana kuhusu kahawa. Akafungua mlango, akamwambia mkewe kwamba nyumbani ni mbali na wao wanakwenda kwa miguu. Tukatoka. Nilijaribu kutembea sambamba nao, lakini Machano alikuwa na mwendo wa mtu anayetaka kufika, nikabaki nyuma yao nikimshukuru Mungu, ambaye ni mmoja.